Mzee wa Karatasi Hayumo Kwenye Mkanda

Mpendwa baba,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali ya magoti yako na ya kabichi za bibi, kuna jambo inabidi nilitoe kifuani. Mama sijamwambia yote, padri sijamwambia kabisa, na Mama Zuhura analijua kwa sababu tu limetokea sebuleni kwake. Wewe ndiye wa kwanza kuelezwa lote, na nakuomba ulifiche, hasa kwa bibi, maana yeye akilisikia asubuhi, hadi jioni litakuwa limefika kanisani. Ni hili: nimekuingiza kwenye katuni.

Sijachanganyikiwa, baba. Ni katuni ya watoto, ya treni zinazoongea. Kwa majuma kadhaa sasa umekuwa ukisema maneno ambayo hukuyasema, mbele ya watoto wote wa mtaa wetu hapa Mafiga, na mdomo uliokuwa ukiyasema ni wangu. Wewe uliyenifundisha kwamba neno unalopewa unalirudisha lilivyo, huongezi wala hupunguzi, una binti aliyeongeza mtu mzima.

Nianze pale lilipoanzia. Mama Zuhura unamkumbuka, jirani wa geti la bluu, aliyekuwa akitandika khanga zake juu ya turubai kule sokoni. Siku hizi ana duka barazani kwake. Tangu mambo yalipokuwa ruksa, kila mwenye ndugu Dar es Salaam ana kitu kipya cha kuonyesha, na yeye kaka yake alimletea televisheni na deki, pamoja na mkanda mmoja wa video. Mkanda wenyewe ni wa kurekodi. Unaanza katikati ya taarifa ya habari, kinafuata kipindi kimoja kizima cha treni, halafu unaingia mpira ambao unakatika kabla ya goli. Kwa hiyo watoto wa mtaa wetu wana kipindi kimoja tu duniani, nao wamekitazama mpaka wanajua mahali ambapo picha itatetemeka.

Mimi niliingia kwa njia ya mchele. Tangu nimalize kidato cha nne, mama hunituma mchana kwa Mama Zuhura nikamsaidie kuchambua mchele wakati yeye yuko dukani. Nakaa karibu na mlango na ungo wangu, mgongo ukutani, kama ninavyokaa kila mahali. Katuni inasema Kiingereza. Watoto wanacheka treni zikigongana na kunyamaza treni zikiongea. Siku moja Shabani, yule mtoto mdogo wa fundi baiskeli, ambaye ana miaka sita na maswali ya mtu wa sitini, akasogea mpaka kwenye ungo wangu.

"Dada Felista, wewe si umesoma sekondari?"

"Nimesoma."

"Basi huyu wa kijani anasemaje?"

Nikamnong'oneza. Akageuka akawatangazia wenzake. Akarudi. Nikamnong'oneza tena. Tukaenda hivyo mpaka Mama Zuhura akaita kutoka dukani: "We Felista! Hiyo ni siri ya serikali? Sema na sisi tuliokaa mbali tusikie!"

Baba, unanijua. Unajua nilimaliza miaka minne ya sekondari walimu wengine wakidhani sikuwamo darasani. Niliinamia mchele, nikaona kokoto mbili ambazo nilikuwa nimeziruka. Kisha nikakukumbuka wewe umesimama nyuma ya mlango.

Sijui kama na wewe unalikumbuka. Nilikuwa darasa la nne, na mwalimu alikuwa ameandika barua nyumbani kwamba mtoto wenu hasemi. Mama alitaka kunipeleka kwa watu wa maombi. Wewe ulinipeleka stesheni. Ulinisimamisha kwenye dirisha la stesheni masta, nikamsikiliza akiongea na stesheni ya mbele kwa simu ile ya kuzungusha. Yeye alisema namba, na sauti ya mbali ikairudia namba ileile. Alisema saa, na sauti ikarudia saa. Ukaniambia, "Umeona? Hakuna anayemcheka mwenzake. Mmoja anasema, mwingine anarudisha alichopewa. Neno likisharudishwa limefika. Kama halijarudishwa, halijasemwa."

Jioni ile ukanitia chumbani, ukafunga mlango, ukasimama upande wa pili. "Sema, mimi nitarudia. Nikikosea nirudishe."

Mwishowe nikasema, "Sitaki ugali."

"Hutaki ugali," ukasema nyuma ya mlango. "Nimepokea."

Na mama akiwa jikoni akasema, "Na mimi nimepokea, na utaula."

Tulicheka wote watatu, kila mtu mahali pake. Kuanzia hapo kila jioni nilisema sentensi moja zaidi. Ulipoona ninasema kumi, ukafungua mlango kidogo. Ilikuchukua mwaka mzima kuufungua wote.

Basi siku ile kwa Mama Zuhura nilifanya kama stesheni ya mbele. Niliacha kuwaangalia watoto, nikaiangalia televisheni. Treni ikisema kwa Kiingereza, mimi nikarudisha kwa Kiswahili. Sauti yangu ilitoka, baba. Haikuwa kubwa, lakini ilifika dukani, maana nilimsikia Mama Zuhura akimwambia mteja asubiri kwanza.

Sasa acha nikuhakikie kipindi chenyewe. Tulifundishwa maudhui kwanza, kisha fani, na ingawa mtihani umekwisha na hakuna wa kunipa alama, nataka ukione kama nilivyokiona, wewe ambaye hujawahi kuwekewa deki.

Kuna kichwa cha treni kidogo, cha kijani, ambacho kazi yake ni kupanga mabehewa stesheni. Kwa Kiingereza kina jina lake, lakini watoto wamemwita Kijani. Treni hizi hazina nyuso. Taa zao ndizo macho, zinafumba na kufumbua. Yupo pia mkubwa wa abiria, mwekundu, mwenye maringo, huyo watoto wanamwita Bwana Haraka. Siku hiyo kuna sherehe upande wa pili wa mlima, na Kijani amepewa behewa la matunda alipeleke. Njia ni moja tu, inapita kwenye handaki. Anaambiwa asubiri Bwana Haraka apite. Anasubiri, anachoka. Anamwuliza kunguru aliyekaa juu ya nguzo: Njia iko wazi? Kunguru anajibu: Nadhani. Basi, kwa hiyo nadhani ya kunguru, Kijani anaingia.

Ndani ya handaki taa zinakutana. Breki zinalia. Wanasimama pua kwa pua, katikati yao usingepita hata ungo wangu. Matunda yanaruka yote, na nanasi moja linamkalia Bwana Haraka kichwani kama kofia. Halafu, baba, wanacheka. Wanacheka wote wawili, wanarudi kinyumenyume, sherehe inafanyika, wanaimba. Kwisha.

Upande wa fani sina ugomvi nao. Rangi ni nzuri. Mabehewa yananung'unika yakifungwa, kama kweli. Mvua inanyesha na milima yao inakaa palepale, hakuna udongo unaoteremka juu ya reli wala watu wanaotoka na majembe kuuondoa, lakini hilo nawasamehe, labda kwao udongo una adabu. Ugomvi wangu ni wa maudhui. Katika nchi ile yote yenye reli, hakuna mtu hata mmoja chini. Hakuna anayebadilisha njia, hakuna anayeshika bendera, na stesheni ile haina stesheni masta wala simu. Reli zinasogea zenyewe, ishara zinapanda zenyewe, na kunguru ndiye anayetoa ruhusa. Nilikuwa na kokoto mkononi nikajikuta nimeibana. Nikajisemea, hawa waliotengeneza hiki hawajawahi kumwona baba yangu.

Maana mimi nimekuona. Nimekuona umesimama ukingoni mwa reli na kitanzi cha mwanzi, karatasi ya njia imebanwa shingoni mwake, mkono umeinuka sawasawa, miguu imepanuka. Treni isiyosimama inakuja ikiunguruma mpaka mawe madogo yanarukaruka, nawe hujongei. Dereva anatoa mkono dirishani, anaupitisha kwenye kitanzi, anakwenda nacho. Anachomoa karatasi, anakirusha kitanzi huko mbele. Na mimi ndiye niliyekuwa nikikimbia kukitafuta kwenye majani, likizo zote nilizokuletea chakula. Nilikuwa nakurudishia mikononi nawe unasema, "Nimepokea." Nilijua tangu mdogo kwamba treni lote lile, na watu waliolala ndani yake na vichwa vyao kwenye mabegi, halina ruhusa ya kwenda hata hatua moja bila kile kikaratasi, hata kama dereva anaiona njia tupu kwa macho yake. Na kikaratasi hakikupanda chenyewe.

Ndiyo maana nyumbani kwetu neno "nadhani" lilipigwa marufuku. Ulikuwa ukiniuliza, "Umefunga banda la kuku?" Nikisema nadhani, ulikuwa unanyanyuka kimya unakwenda kuangalia, ukirudi unasema, "Nadhani haikufunga. Nimefunga mimi."

Sasa kuna mahali katika kipindi, Kijani anapofika mdomoni mwa handaki. Anasimama kidogo. Anapumua moshi mara tatu. Hakuna anayesema kitu. Siku ya pili au ya tatu ya kuwarudishia watoto, tulipofika hapo, nilisikia sauti inasema: "Simama. Una karatasi?"

Ilikuwa sauti yangu, nimeifanya nzito.

Watoto wakageuka wote. "Nani huyo?"

Ningeweza kusema nimekosea. Nilisema, "Mzee wa karatasi. Yuko pembeni, picha haimfikii." Nikaendelea, kwa sauti ile ile nzito: "Usiingie kwa neno la kunguru. Rudi, kachukue karatasi." Na Kijani, kwa kuwa ndivyo alivyochorwa, akafumba taa akaingia. Pale matunda yaliporuka, watoto hawakucheka kama zamani. Shabani alipiga paja lake akasema, "Si aliambiwa huyu!"

Baada ya hapo ulikuwepo kila siku. Tukifika kwenye ule moshi wa mara tatu, watoto wenyewe walisema pamoja nami, "Simama! Una karatasi?" Ikatoka sebuleni ikaingia mtaani. Wakawa wanacheza treni kwenye kile kichochoro chembamba kati ya ukuta wa Mama Zuhura na nyumba ya fundi baiskeli, mahali ambapo wawili hawapishani. Shabani akachukua duara la waya kwa baba yake, wakawa wanabana jani la mpera. Treni isiyo na jani haipiti. Nilimwona mtoto wa miaka minne amesimama mdomoni mwa kichochoro, mkono juu, duara limemzidi ukubwa, hajongei. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, baba, kisha nikarudi kwenye mchele. Hiyo nayo ni siri.

Halafu Zuhura akaja likizo.

Zuhura ana miaka kumi na moja na anasoma bweni, kwenye moja ya hizi shule mpya zinazofundisha kila kitu kwa Kiingereza. Si mtoto mbaya. Alikaa kwenye kochi, akatazama kipindi pamoja na wenzake, na tulipofika handakini na watoto wakapaza sauti, akakunja uso.

"Mbona hakuna mtu aliyesema?"

"Amesema mzee wa karatasi," Shabani akamjibu. "Yuko pembeni. Wewe ni mgeni, hujamzoea."

Zuhura akainuka, akarudisha mkanda. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Moshi mara tatu: puu, puu, puu. Akarudisha tena. Puu, puu, puu.

"Hakuna mtu. Anapumua tu. Dada Felista anatunga."

Shabani akanitazama. "Dada? Mzee wa karatasi hayumo?"

Niliweka ungo chini, mchele haujaisha, nikaenda nyumbani. Niliingia chumbani nikafunga mlango, na sikuwa na mtu upande wa pili.

Siku mbili sikutoka. Mama alidhani ni malaria. Mimi nilikuwa nafikiria kosa langu, na nilivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuwa zito kwa mtoto wako, kuliko kwa mtoto wa mtu mwingine. Mtu mwingine akitafsiri vibaya katuni, amekosea katuni tu. Mimi nilipokea neno stesheni hii nikapeleka jingine stesheni ile. Kwa kazi yako, hilo ndilo linaloua watu.

Siku ya tatu mlango uligongwa. Ni Shabani, paji la uso limevimba kama kitumbua, na nyuma yake Zuhura ameshika midomo.

"Tumegongana," Shabani akasema.

"Wapi?"

"Kichochoroni. Zuhura alikuwa Bwana Haraka."

"Na karatasi?"

Wakatazamana. Zuhura akasema taratibu, bila Kiingereza hata kidogo, "Tuliacha karatasi. Niliwaambia si ya kweli. Nikamwuliza huyu njia iko wazi…"

"Nikasema nadhani," Shabani akamaliza.

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilitaka kucheka, lakini nilitazama lile paji la uso nikaona jambo ambalo siku mbili za kujifungia hazikunionyesha. Kosa langu halikuwa kusema kwamba upo. Kosa langu lilikuwa kusema kwamba upo kwenye mkanda.

Niliwapaka maji ya chumvi, kisha nikatoka nao mpaka kwa Mama Zuhura. Watoto walikuwepo. Sikukaa mlangoni, baba. Nilisimama mbele ya televisheni iliyozimwa, mikono nikaikunja kwenye khanga, nikasema: "Zuhura amesema kweli. Kwenye mkanda mzee wa karatasi hayumo. Niliongeza mimi, na sikupaswa kuongeza bila kuwaambia. Kwenye mkanda hayumo kwa sababu waliotengeneza hawamjui. Lakini hapa Morogoro alikuwepo. Alisimama pale stesheni yetu. Ni baba yangu."

Nikawaeleza yote, simu ya kuzungusha, kitanzi, majani niliyokuwa nikitafuta. Hakuna aliyenirudishia sauti ya kunicheka. Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na kikombe cha kupimia mchele mkononi, akasema kwa watoto, "Na mimi nimesafiri kwa treni hiyo mara nyingi nikifuata khanga. Kumbe nilikuwa nalala kwa sababu yule baba hakulala."

Kisha Zuhura akauliza swali ambalo nilijua litakuja. "Yuko wapi sasa?"

"Yuko Mgeta, kwa bibi."

"Kwa nini hayupo stesheni?"

Ningewaambia nini? Kwamba walisoma majina ya wanaopunguzwa kazini asubuhi moja na lako likawemo? Kwamba waliwaambia redio zitafanya kazi yenu? Kwamba kwa mwezi mzima uliendelea kuamka alfajiri, ukavaa shati la kazi, ukaenda kusimama nje ya uzio wa stesheni, mpaka watu wakaanza kukutania, "Mzee, unaisindikiza?" Nakumbuka jioni uliyorudi na kulikunja lile shati. Nakumbuka ulivyokuwa ukiacha kula treni ikipiga honi, kijiko kikiwa hewani. Ukasema unakwenda Mgeta wiki mbili kumsaidia bibi kupanda. Hii ni mvua ya pili. Umeshuka mara mbili tu, siku za gulio, na mara zote mbili umeondoka kabla ya treni ya jioni. Ulidhani sikuona. Niliona, na sikukulaumu, na sikulaumu hata leo. Mimi mwenyewe najua kujifungia.

Shabani ndiye aliyeniokoa. "Si tumlete?" akasema, kana kwamba Mgeta ni nyumba ya tatu kutoka hapo. "Aje atuonyeshe mkono unavyokaa. Huyu mdogo anachoka."

"Atakuja lini?" Zuhura akauliza.

Nikasema, "Jumamosi. Baada ya adhuhuri."

Sikupanga kusema. Lakini nilipokwisha kusema, wale watoto, ambao mimi mwenyewe niliwafundisha mchezo wako, walifanya kama stesheni ya mbele. Walirudia wote kwa pamoja: "Jumamosi, baada ya adhuhuri, mzee wa karatasi anakuja." Na Shabani akaongeza, "Tumepokea."

Unaelewa sasa kwa nini nakuandikia. Neno limerudishwa. Limefika. Siwezi kulivuta tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sitaki kuvuta neno nililolisema.

Sikuombi ushuke kutafuta kazi. Sikuombi usahau. Najua utasema karatasi ni ya stesheni, si ya vichochoro, na kwamba ulilipwa kusimamia mabehewa ya kweli. Ila nimefikiri sana juu ya redio. Redio inaweza kusema njia iko wazi. Haiwezi kumwona mtoto wa miaka minne amechoka mkono ikamshika kiwiko, ikamwambia, pumzisha hapa, panua miguu, treni hailali. Hilo ulinifanyia mimi kwenye mlango kwa mwaka mzima, na hakuna aliyekuajiri ulifanye wala anayeweza kukupunguza.

Kitanzi chako kipo. Kile ulichokikunja mwenyewe kwa mwanzi kuwafundishia wageni wa kazi, mama alikigeuza cha kutundikia miiko nyuma ya mlango wa jikoni. Jana niliishusha miiko. Mama aliuliza naenda nacho wapi, nikamwambia kinarudi kazini. Halafu akachukua kitambaa akafuta masizi, akasema, "Mwambie shati lake liko sandukuni. Nimelinyoosha." Sikumwuliza amelinyoosha lini.

Barua hii inapanda na gari la kabichi kesho, dereva ameahidi kuitia mkononi mwako, si mwa bibi. Gari hilohilo linashuka Ijumaa kupitia Mzumbe, na nafasi ya mbele amekuwekea. Lakini kabla ya hapo litarudi huku na mzigo wa kati ya wiki, basi chukua kalamu, kisha umpe dereva barua airudishe. Chini ya jina langu nimeacha mstari mtupu. Sitaki maelezo, sitaki nadhani. Nataka unirudishie maneno haya tu kama nilivyokupa: Ijumaa nashuka, Jumamosi baada ya adhuhuri nasimama. Nikiyapata nitajua yamefika.

Na mstari ukirudi mtupu, sitakasirika. Jumamosi nitatoka na kitanzi mimi mwenyewe. Nitasimama mdomoni mwa kichochoro, mkono juu, miguu imepanuka, mbele ya watoto na mama zao na fundi baiskeli na yeyote atakayepita, mimi ambaye nilikuwa siwezi kujibu "nipo" darasani. Nitawaambia hivi ndivyo baba yangu alivyosimama. Watakuwa wamemwona mzee wa karatasi hata hivyo. Lakini nitakuwa naangalia barabara ya Mzumbe kwa jicho moja, na wewe ulinifundisha kwamba mtu wa kitanzi haangalii pembeni.

Na lile nililokuomba mwanzo wa barua, ulifiche, nalifuta. Usifiche. Mwambie bibi, mwambie asubuhi na mapema, ili hadi jioni kanisa zima lijue kwamba una binti aliyekuingiza kwenye katuni, akakutoa, na sasa anakungoja nje, mahali ambapo picha inakufikia.

Njoo salama, baba. Nitakuja mwenyewe kuupokea mfuko wako garini.

Mimi binti yako, mwokota kitanzi wako,
Felista

Rudia hapa: ..........................................................